Kulabu mbili za nyumba ya Msajili

Nyumba niliyokulia Moshi mjini ni ghorofa moja, duka chini makazi juu, sisi tuliizoea kuiita nyumba ya Msajili na hata leo nikimwambia dada yangu nimepita kwa Msajili anajua nilikuwa wapi, wakati huyo Msajili wa Majumba mwenyewe, ofisi ya serikali iliyoshika nyumba zilizotaifishwa, alishaondoka mwaka 1990 na nyumba zake zikaenda Shirika la Nyumba la Taifa. Jina tu ndo limebaki.

Sasa chumba chetu cha mbele, kwenye dari, kulikuwa na kulabu mbili za chuma, nene kama kidole gumba. Mama alikuwa anafunga kamba hapo anaanika nguo masika yakikolea. Siku moja natoka shule nikamsalimia babu fundi cherehani wa barazani, nikamuuliza hivi babu zile kulabu za kwetu juu ni za nini? Akasimamisha cherehani. "Za bembea hizo mjukuu wangu. Mama mwenye nyumba alikuwa anakaa pale jioni anachambua mchele huku anambembeleza mtoto." Yaani miaka yote hiyo tunalala chini ya bembea ya watu na hatujui.

Kuanzia siku hiyo sikumwacha apumzike yule babu. Alianza kushona pale kabla ya uhuru, mwenye nyumba Mhindi anauza vitambaa ndani, yeye nje kwenye baraza. Msimu wa kahawa ndo ulikuwa wenyewe, watu wanashuka kutoka Kibosho, Machame, Marangu, wameshalipwa na chama cha ushirika, baba anaingia dukani anachagua kitambaa mama anabishania bei, wakitoka wanakaa kwenye benchi la babu wanapimwa, sare za shule, gauni za Krismasi, wengine wanasubiri hapo hapo mpaka ishonwe ndo wapande mlimani. Kahawa ikilipa vizuri babu alikuwa analala saa nane usiku. Hata nondo na mabati ya ile nyumba alisema yalikuja na treni kutoka Tanga, na mimi naamini maana reli ilifika Moshi tangu 1911 enzi za Mjerumani.

Mwaka 1971 ikatoka sheria, jengo la thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambalo mwenyewe halitumii lote linachukuliwa na serikali. Wale walikuwa wamepangisha vyumba vya uani, ikachukuliwa. Na kwa kuwa ilishapita miaka kumi tangu ijengwe, fidia hakuna. Najua lengo lilikuwa kuzuia watu wachache wasiishi kwa kodi za wengine, na mimi mwenyewe nimelelewa na faida ya sheria ile maana mshahara wa mama wa ualimu usingetufikisha katikati ya mji, ila kila nikifikiria yule mzee analipa kodi kwenye nyumba aliyoijenga, moyo unauma kweli. Alilipa miaka michache, halafu wakaondoka kwenda Uingereza. Bembea waliifungua wakaenda nayo. Babu ndo aliyewashikia ngazi.

Baada yao juu pakagawanywa kwa mbao, familia tatu, jiko moja. Sisi, Wapare wa reli, na dada mmoja nesi ambaye hakuwahi kutugombeza hata siku moja. Asubuhi kukiwa hakuna mawingu mlikuwa mnagombania kidirisha cha chooni kwa sababu ndo pekee palipoonyesha Kibo chote.

Babu alifariki mimi nikiwa sekondari, benchi lake likakaa pale muda mrefu hakuna aliyelisogeza.

Mwezi uliopita nimepita tena. Chini sasa hivi ni vifaa vya simu na dawa za mifugo, mbele pamefunikwa mabango mpaka huoni urembo wa saruji. Kijana wa dukani nilivyomwambia nimekulia hapa akaniambia karibu dada pita tu, juu wanatumia kama stoo. Mbao za kugawa zimeng'olewa, chumba kimerudi kuwa kikubwa kama babu alivyokisimulia. Kulabu zipo. Nikampigia dada yangu video, akazitazama, halafu akaniuliza lile doa jeusi la jiko la mchina ukutani lipo? Nikamgeuzia kamera. Limepakwa rangi na bado linatokeza.