Siku moja maishani mwangu: mlinzi wa usingizi wa wanyama

Saa 1:30 asubuhi. Kazi yangu ni kuwaangalia wanyama wanaolazwa usingizi wa dawa ili wafanyiwe upasuaji. Kabla mgonjwa hajafika, naanza na mashine ya gesi ya usingizi. Nafunga valvu ya kutolea hewa, naziba mdomo wa bomba la kupumulia kwa kidole gumba, najaza oksijeni na kusikiliza kama inavuja. Kisha nafungua tena valvu hiyo. Ikisahaulika imefungwa, hewa hujaa mapafuni bila pa kutokea, na moyo unaweza kusimama ndani ya dakika chache. Huwa naigusa mara mbili.

Saa 2:15. Mbwa jike mwenye pua bapa amekuja kufungwa kizazi. "Amekula lini mara ya mwisho?" Mwenye mbwa anajibu kuwa ni jana jioni. Vizuri, maana akitapika usingizini matapishi huweza kuingia mapafuni. (Sungura hatumfungishi hivyo: hawezi kutapika, na utumbo wake ukikaa mtupu hugoma.) Namweka kwenye mizani, kwa kuwa kila dozi inafuata uzito. Natoa damu ipimwe, tujue hali ya ini na figo.

"Ataamka kweli?" ananiuliza. Namwambia sitatoka kando yake.

Saa 3:40. Dawa ya kutuliza na ya maumivu imeshaingia, kanula, kijimrija cha kupitishia dawa kwenye mshipa, iko mguuni. Nampa oksijeni kwa barakoa dakika 5 nzima, kwa sababu mbwa wa pua bapa njia yake ya hewa ni finyu. Daktari anasukuma propofoli, dawa ya usingizi, taratibu mpaka taya linalegea, anapitisha mrija kooni. Napaka jeli machoni yasikauke.

Saa 4:25. Kila dakika 5 naandika: oksijeni kwenye damu isipungue asilimia 95, kabonidayoksaidi anayoitoa kwa pumzi iwe kati ya 35 na 45, wastani wa presha ya damu usishuke chini ya 60 (hizi mbili kwa milimita za zebaki). Vidole vyangu viko kwenye mshipa wa paja, kwani mashine pekee siiamini.

"Daktari, presha 54."

Napunguza gesi, tunaongeza dripu. Dakika kumi baadaye inasoma 66.

Saa 5:10. Mshono wa mwisho umefungwa, na hapa ndipo watu hulegea. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza mwaka 2002 hadi 2004 ulionyesha kuwa karibu nusu ya vifo vya mbwa vinavyohusiana na nusukaputi (usingizi wa dawa), na zaidi ya nusu kwa paka, hutokea baada ya upasuaji, vingi ndani ya saa 3 za kwanza. Kwa hiyo nakaa naye sakafuni. Joto lake ni 36.8, namfunika blanketi lenye joto. Mrija siutoi akianza tu kupepesa macho. Pua bapa kama huyu namwacha nao mpaka ameze, anyanyue kichwa na kuutafuna.

Saa 5:35 anautafuna. Nautoa. Ulimi una rangi ya waridi, pumzi inakoroma kidogo, kisha inatulia.

Saa 8:20. Joto 38.2. Anasimama, anayumba, anatafuta mlango kwa pua. Namwita mwenye mbwa aingie.