Nilivyopata kadi ya diski inayoelewana na CentOS 6 hapa Kigoma

Karibu kila niliyemwuliza kuhusu kadi hiyo alinijibu hivyo hivyo: "Weka Linux mpya, yaishe." Ushauri huo uliniudhi na bado unaniudhi. Seva yenyewe ni kompyuta ya mezani ya duka la jumla pale Mwanga. Inaendesha programu ya hesabu na stoo ambayo aliyeiandika alishahama mji siku nyingi, na programu hiyo haikubali chochote zaidi ya CentOS 6, toleo la zamani la Linux. Najua CentOS 6 iliacha kupata marekebisho Novemba 2020, ndiyo maana mashine ile haigusi intaneti kabisa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, kadi iliyoshika diski za data ikafa. Diski zote nne zilikuwa nzima.

Muuzaji wa kwanza, wa Dar, alinihakikishia kwamba kadi yake ya PERC 6/i "inakubali Linux zote". Kweli draiva (programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi) ipo. Ila kadi ile haipitishi diski kama ilivyo: inataka uziunde upya chini yake kwanza, na data za mwenye duka zingekwenda na maji. Nikakataa.

Tangu hapo kila muuzaji nilimtaka kitu kimoja: namba inayotokea ukiandika lspci -nn, amri ya Linux inayoorodhesha kadi zilizomo pamoja na namba za utambulisho wake. Wengi walikasirika. Mmoja wa Kariakoo akanitumia picha ya skrini: 1000:0073, PERC H310. Nikaitafuta kwenye faili la modules.alias la seva ile ile, linaloonyesha draiva ipi ni ya kadi ipi, kwa amri ya kutafuta grep v00001000d00000073, ikajibu jina la draiva: megaraid_sas. Basi, keneli ya 2.6.32, yaani kiini cha CentOS 6, inaifahamu. Na hapa washauri wangu wasikie: RHEL 8, Linux mpya zaidi ya ukoo ule ule wa CentOS, imeiondoa kadi hiyo hiyo kwenye draiva yake. Ningefuata maneno yao, ningeweza kubaki na mfumo mpya usioona diski.

Kadi ikaja kwa basi, laki na ushee pamoja na nauli ya mzigo. Nikaichomeka kwenye nafasi ndefu ya kadi ya picha, nikawasha. Feni zinazunguka, skrini nyeusi, hata mlio hakuna. Nikaitoa, mashine ikawaka vizuri. Fundi jirani akasema kadi imekufa, niirudishe. Mimi sikukubali, kwa sababu kadi za seva za aina hii zinajulikana kwa ugomvi na madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) za kawaida. Pini mbili zake, B5 na B6, zinabeba SMBus, njia ambayo madabodi inaitumia pia kusoma taarifa za RAM. Kadi ikiivuruga njia hiyo, RAM haisomeki na mashine haiwaki.

Dawa ni kuziziba. Shika kadi, upande wenye chipu ukutazame, anza kuhesabu kutoka upande wa bamba la chuma linalofungwa kwenye kasha: kabla ya mkato kuna pini 11, nawe unazitaka ya 5 na ya 6. Pini moja na nyingine zimeachana milimita moja tu, kwa hiyo nilitumia tochi ya simu na kioo cha kukuzia. Nilianza na selotepu, ikawa inajikunja kila nikiingiza kadi. Nikamwomba dada wa duka la vipodozi rangi ya kucha, nyekundu ili niione vizuri, nikapaka kwa ncha ya kijiti cha meno, nikaacha ikauke kabisa. Nikawasha: picha ikaja, na jina la kadi likapita kwenye skrini. Nilipiga kelele hadi wateja wakageuka!

Waya nao uwe ule wa kutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski, plagi ya SFF-8087 ya kadi upande mmoja na plagi nne za SATA za diski upande wa pili. Upo wa kinyume chake unaofanana nao kabisa, na huo haufanyi kazi.

RAID yenyewe, yaani zile diski nne kufanya kazi kama moja, ilikuwa ya mdadm, programu ya Linux ambayo huandika kumbukumbu zake kwenye diski zenyewe, si kwenye kadi. Nikasoma faili la hali ya diski, /proc/mdstat: [UUUU], kila U ni diski moja iliyo nzima. Hesabu zote zilikuwepo. Kadi ya pili nimeshaiagiza ikae kabatini, na hiyo nitaipaka rangi kabla haijahitajika.