Wiki mbili na mbwa wanne na watoto saba

Kazi yangu ni kutunza mbwa wa watu wanaposafiri, na nyumba ya safari hii iko Arusha. Ina mbwa madume wawili, jike mmoja aliyefungwa uzazi, na mama mwenye watoto saba wa wiki nne. Nakaa nao siku 14, mwenye nyumba akiwa safarini. Kwa idadi hiyo, mbwa hawatulizwi kwa kelele, wanatulizwa kwa milango. Kabla mwenye nyumba hajaondoka nahesabu sehemu zinazofungika: chumba cha mama na watoto, uani, na chumba au banda la akiba. Zikipungua tatu, kazi siichukui. Namwomba pia kadi za chanjo, tarehe ya dawa ya minyoo iliyopita, namba ya daktari wa mifugo, fedha ya dharura, na anieleze bila kuficha nani aliwahi kugombana na nani.

Asubuhi naanza na watoto ndipo niende kwa wakubwa, sirudi nyuma. Mlangoni mwa chumba chao kuna ndara zisizotoka humo. Sababu ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia tumbo la mbwa. Kirusi chake kinakaa kwenye udongo hata mwaka mzima, kinaingia ndani kwa soli za viatu, na watoto wa umri huu bado hawajachanjwa. Chanjo ya kwanza huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na hurudiwa mpaka wiki ya 16, kwa kuwa kinga waliyopewa na mama inaweza kuizuia chanjo isishike. Sakafu naisugua kwanza kwa sabuni, kisha napitisha jiki, mililita 50 kwa lita moja ya maji, naiacha dakika 10 ndipo nisuuze na kukausha. Ukimwaga jiki juu ya kinyesi umeipoteza bure, uchafu unaimaliza nguvu. Mtoto akitapika na kuharisha damu yenye harufu kali namtenga na kumpeleka kwa daktari saa hiyo hiyo. Anayetapika maji ya mdomoni hayamsaidii, anahitaji dripu.

Uzito napima kila asubuhi kabla hawajala, kwa mizani ya jikoni na bakuli. Kuwatofautisha napaka rangi ya kucha kwenye ukucha wa mguu wa nyuma, kila mmoja na rangi yake. Uzi wa shingoni siutaki: shingo inakua, uzi haukui. Mtoto ambaye hajaongezeka kwa siku moja namwekea alama na kumlisha peke yake. Aliyepungua anaenda kwa daktari siku hiyo. Nafunua pia fizi. Fizi nyeupe maana yake damu imepungua, na kwa kawaida ni minyoo, viroboto au kupe.

Chakula chao nakitengeneza hivi. Kikombe 1 cha chakula kikavu cha watoto wa mbwa, vikombe 2 vya maji ya uvuguvugu, dakika 20, kisha naponda kwa uma mpaka kiwe kama uji mzito. Nakiweka kwenye sinia pana, siyo bakuli, ili wote saba wazunguke na mnyonge asisukumwe nje. Wanakula mara 4 kwa siku. Mama namtoa saa moja au mbili kabla, vinginevyo wanashiba maziwa na chakula hawakigusi, na yeye anakimaliza chote. Kila baada ya siku mbili tatu napunguza maji, hadi wiki ya 7 wanatafuna kikavu. Maziwa ya ng'ombe siwapi, huwaharisha. Pale wanapolishwa ugali na dagaa nakagua unga kwanza. Unga uliovunda au mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu, ambayo huharibu ini la mbwa na kupika hakuiondoi.

Mama anakula karibu mara tatu ya chakula chake cha kawaida, nikimgawia mara 3 au 4, na maji hayakauki. Kila siku nashika matiti yote. Titi gumu, la moto na jekundu ni ugonjwa, siyo maziwa kujaa tu. Kinachonitia hofu zaidi ni kushuka kwa kalsiamu: anahema ingawa hewa si ya joto, anatetemeka, miguu inakakamaa. Hapo nawatenga watoto wasinyonye na kumkimbiza kwa daktari bila kusubiri asubuhi. Watoto nawakata ncha za kucha kila wiki, kwa sababu zinamchana matiti na ndiyo inayomfanya awakatae. Nampa pia meza fupi au kochi ambalo wao hawafiki, apumzike.

Dawa ya minyoo hutolewa wiki ya 2, 4, 6 na 8, na mama anapewa pamoja nao, maana minyoo ya mviringo inapita tumboni na kwenye maziwa. Kipimo ni kwa uzito wa leo, ndiyo faida nyingine ya daftari la mizani. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe, iliyochanganywa kwa kukisia, siiweki kabisa kwenye ngozi ya mtoto. Kupe nawatoa kwa kibano. Kinyesi nazoa asubuhi na jioni bila kuruka. Mayai ya minyoo ya mviringo yanahitaji wiki mbili au zaidi ardhini ndipo yaambukize, kwa hiyo anayezoa kila siku anawahi. Matandiko nayakausha juani na kuyapiga pasi, kwani kuna nzi hutaga kwenye nguo mbichi na udongo wenye mkojo, mabuu yake yakaingia ngozini na kutoa vijipu.

Usiku wa Juni na Julai Arusha ni baridi. Chupa ya lita 1.5 yenye maji ya moto, imefungwa kwa taulo, naiweka upande mmoja wa boksi tu, ili anayehisi joto ahame. Upande wa mbali naweka magazeti. Watoto wa umri huu wenyewe hutoka kitandani kukojoa.

Wakubwa sasa. Kila mmoja anakula nyuma ya mlango wake, na baada ya dakika 15 bakuli linaondoka hata kama halijaisha. Ugomvi mwingi huzuka kwenye bakuli, kwenye mlango mwembamba, na getini mtu anapobisha hodi, pale mbwa aliyepandwa na mori humgeukia mwenzake. Ndiyo maana mgeni simfungulii kabla madume hawajaingia ndani. Mama mwenye watoto simchanganyi na wengine kabisa, hata kama zamani walikuwa marafiki.

Wakishikana, mkono hauendi shingoni. Natupa shuka nzito juu ya vichwa vyao au nawapiga maji ya mpira, au naingiza ubao katikati. Tukiwa wawili, kila mtu anashika miguu ya nyuma ya mbwa mmoja na kurudi kinyumenyume kwa pamoja. Nikiwa peke yangu, napitisha kamba mbele ya mapaja ya mmoja, namfunga kwenye nguzo, ndipo namvuta wa pili hadi chumba cha akiba. Hawaonani tena siku hiyo. Nikiumwa mimi, jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali, hata kama kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ipo.

Siku ya mwisho namkabidhi mwenye nyumba daftari: uzito wa kila mtoto kwa rangi yake, dawa iliyotolewa na tarehe, nani alibakiza chakula, na tarehe ya chanjo ya kwanza ya watoto, ambayo kwa hesabu hii inaangukia wiki ile ile anayorudi.