Kupika saida ya matufaha kwenye mbabula, Lubumbashi

Tufaha linalouzwa Lubumbashi limesafiri kuliko watu wengi wa mtaani kwangu. Limechumwa Afrika Kusini, likapanda lori, likavuka Zambia, likangoja zamu yake mpakani Kasumbalesa, ndipo likamaliza kilomita tisini na kitu zilizobaki hadi kwetu. Njia nzima linagongana na wenzake. Kwa hiyo ukienda soko la Kenya (Kenya yetu hii ya hapa mjini) utakuta yale yanayong'aa yamepangwa juu ya meza, na chini ya meza kuna beseni la yaliyopondeka. Mimi nainama kwenye beseni.

"Yaya, hizi njo unataka?" huniuliza mama ninayenunua kwake, kama vile ananionea huruma. Ndiyo mama, hizo hizo, nipunguzie tu bei. Kitu kinachokwenda kuchemka saa mbili na kukamuliwa kwenye kitambaa hakihitaji sura nzuri. Ila napekua moja moja. Lililopondeka nalichukua, nikifika nyumbani nakata pale palipogeuka kahawia. Lenye ukungu silitaki hata kama ni la bure: ukungu wa matufaha huacha sumu iitwayo patulini, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha.

Ninachopika ni saida (cider), kinywaji cha matufaha, ya Kimarekani, ile wanayokunywa ya moto na viungo baridi inapoanza kwao. Haina kilevi, tofauti na ya Uingereza na Ufaransa. Nalisema hili mapema kwa sababu nyumbani kwangu wanapita watu wa kwaya, na kabla ya kupokea kikombe kuna anayeuliza. Kwetu zamu yake ni Juni na Julai. Asiyeujua mji huu hudhani Kongo nzima ni jasho. Aje akae barazani Katuba saa moja ya usiku mwezi wa saba bila koti. Bahati nzuri mavuno ya Afrika Kusini huanza mnamo Februari na kuendelea hadi Mei, kwa hiyo baridi yetu inayakuta matufaha ya mwaka huo huo.

Wamarekani wenyewe husaga matufaha mabichi na kuyakandamiza kwenye shinikizo, wakapata maji mazito yenye rangi ya udongo. Mimi sina shinikizo, na hata ningekuwa nalo ningechemsha tu. Mwaka 1996 huko Marekani mtoto mmoja alikufa na watu kadhaa wakaugua kwa juisi ya matufaha isiyochemshwa iliyokuwa na bakteria wa E. coli. Moto unamaliza habari hiyo.

Mambo makubwa ni mawili: mchanganyiko wa matufaha, na moto.

Tufaha la aina moja hutoa kinywaji bubu. Mekundu peke yake yanatoa maji matamu yasiyo na uti wa mgongo. Ya kijani peke yake, yale Granny Smith, yanakunja uso. Nachukua kilo mbili hivi: mekundu au ya manjano yawe mengi, ya kijani yawe theluthi moja. Nayaosha kwa maji ya uvuguvugu nikiyasugua, kwa kuwa mengi hupakwa nta ili yang'ae. Kisha nayakata vipande vinne na ganda lake. Ganda lina harufu na rangi. Anayelimenya anatupa nusu ya alichonunua. Kokwa nazitoa kwa ncha ya kisu, maana baadaye nitaponda kwa mwiko na sitaki zipasuke humo ndani.

Sufuria iwe ya chuma cha pua au ya enameli. Asidi ya matufaha inakula alumini, na ladha ya chuma utaisikia ulimini. Watu wa hapa tunajivunia shaba yetu, nami ninayo sufuria ya shaba niliyopewa zawadi, lakini kwa kazi hii inabaki ukutani: shaba tupu na asidi havikai pamoja.

Maji yafunike matufaha na kuzidi kwa vidole viwili, karibu lita tatu. Humo natia vijiti vitatu vya mdalasini, karafuu nane, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba kilichopondwa kidogo, na chungwa moja lililokatwa duara duara. Mdalasini wa unga siutaki kabisa. Hauyeyuki, unageuka ute unaoelea na kukwama kooni. Karafuu nazihesabu kwa mkono kwa sababu ukizimimina kwa kukisia, kinywaji kinanukia kama chumba cha daktari wa meno, na si ajabu, mafuta ya karafuu ndiyo hayo hayo wanayotumia kutuliza jino. Sukari bado. Huwezi kujua utamu wa matufaha kabla hayajalainika.

Sasa moto. Jiko la umeme ningelipenda, lakini umeme wetu una ratiba zake, na saida inataka saa mbili bila kukatizwa. Natumia mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa. Makala yakishika vizuri huwa na hasira, kwa hiyo nachemsha kwanza kwa moto huo mkali, povu likipanda naliengua, kisha nanyunyiza majivu juu ya makala mpaka yabaki mekundu chini kwa chini. Kinachotakiwa hapo ni kiputo kimoja kimoja kinachokuja juu na kupasuka taratibu. Ukiona sufuria nzima inarukaruka, ongeza majivu. Mji wetu uko kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo mapishi ya kwenye intaneti yakisema saa moja, wewe usikimbilie kuepua.

Mbabula inabaki nje, hata kama vidole vimeganda. Kila baridi kuna watu wanaoingiza makala chumbani wapate joto, wakafunga madirisha, na hewa ile isiyo na harufu ikawamaliza usingizini. Aliyepika saida anakunywa ndani. Moto unakaa uani.

Baada ya saa moja na nusu vipande vinakubali mwiko. Naviponda humo humo sufuriani, nafunika nusu, naacha nusu saa nyingine. Hapo rangi inatoka ya chai hafifu na kuwa ya asali. Kisha nachuja kwa kitambaa cha pamba kilichofungwa juu ya sufuria nyingine, kwanza kwa uzito wake wenyewe, halafu nakikamua. Kuna wasiokamua ili maji yatoke meupe. Mimi nataka yawe mazito. Narudisha motoni kidogo, naonja, ndipo sukari inapoingia, vijiko viwili au vitatu, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Napata kama lita mbili.

Yanayobaki naweka kwenye termosi kama watayanywa usiku huo huo. Kuyaweka zaidi ya hapo kunataka friji. Yakilala mezani siku kadhaa chachu inayaingia yenyewe, vipovu vinaanza, na hapo utakuwa umewadanganya watu wa kwaya. Friji ikiwa haina umeme wa uhakika, nayachemsha tena asubuhi na jioni, na siku ya pili yaishe.

Machicha hayatupwi. Natoa karafuu, mdalasini, tangawizi na maganda ya chungwa, napitisha yaliyobaki kwenye chujio nikisukuma kwa mgongo wa kijiko, ganda linabaki juu. Uji ule unaopita naurudisha kwenye makala yanayokufa pamoja na kikombe cha sukari, nakoroga mpaka mwiko uache njia chini ya sufuria. Watoto wanaupaka kwenye mkate asubuhi, na kusema kweli wao wanaupenda kuliko saida yenyewe.