Siku niliyofunga kioo cha MTEJA

Saa 1 asubuhi nafungua kibanda changu Kariakoo. Feni na redio mbili zinanisubiri, ila macho yangu yako kwenye moduli mbili za taa za LED, kila moja na nafasi nne za herufi. Ni kazi ya kinyozi jirani yangu. Wateja wake hugombana nani alitangulia, naye anataka kioo cha taa kiandike MTEJA 07, kila mmoja ajue zamu yake.

Juzi nilimjaribia kioo cha vipande saba, kile cha saa za mezani. Tarakimu zilitoka safi, ila M ilishindikana kabisa, maana vipande saba havina mistari ya mshazari. Sasa Kiswahili bila M, K na W utaandika nini? Mteja, karibu, wageni, kwaheri, yote yamekwama. Hizi za leo zina vipande 14 kwa kila herufi, na mshazari umo.

Saa 3 feni imeshapona, nashika risasi na kuanza kulehemu. Vipande 14 na nukta, mara herufi nne: taa 60 kwa moduli moja. Kuziendesha mwenyewe kutoka kwenye Arduino, bodi ndogo ya kompyuta inayobeba programu, kungenila nyaya 19. Chipu ya HT16K33 iliyo mgongoni huwasha herufi kwa zamu, upesi mno, jicho likaona zote zinawaka pamoja. Mimi nabaki na waya mbili za mawasiliano, pini A4 na A5 kwenye Arduino yangu ya aina ya Uno, na mbili za umeme wa volti 5. Naipenda sana chipu hii.

Saa 6 nawasha. MTEJMTEJ!

"Fundi, labda programu," anasema kijana ninayemfundisha kazi. Tunaipitia programu mstari kwa mstari hadi saa 7 na nusu. Haina kosa.

Moduli zote hutoka kiwandani na anwani moja, 0x70, yaani namba ambayo Arduino huiitia moduli; zikibaki na anwani moja, zote mbili huandika kitu kilekile. Ili ya pili iwe 0x71 unaziba kwa risasi pengo la A0. (Mapengo yapo matatu, kwa hiyo anwani nane, herufi 32 kwenye waya zilezile mbili.) Nililiziba asubuhi, nina hakika. Kijana anachukua lenzi, anainama. "Risasi imeshika upande mmoja tu, fundi." Kweli. Sikuipasha moto wa kutosha. Narudia, na A 07 inatokea mahali pake. Nampa mkono.

Saa 10 alasiri tunakifunga kwa kinyozi. Jua linapiga mlangoni moja kwa moja, herufi hazionekani. Mwanga una ngazi 16. Napandisha hadi ya juu kabisa, zinasomeka. Usiku zitaumiza macho, kwa hiyo naongeza kitufe cha kushusha.

Saa 1 usiku napita kuangalia. Mzee mmoja benchini ameinua uso. "Sifuri nane," anasoma kwa sauti, anatazama karatasi yake, anainuka kwenda kitini.