Maneno ya kukwepa katika Kiingereza

Kiingereza kina maneno mengi ya kukwepa, na kamusi za visawe huyapanga pamoja kana kwamba lolote laweza kushika nafasi ya jingine. Mimi sikubaliani na mpangilio huo. Mfano ulio wazi zaidi ni avoid na evade, ambayo katika mazungumzo hukaribiana sana, lakini katika masuala ya kodi nchini Uingereza la kwanza ni kupunguza mzigo kwa njia zisizokatazwa na sheria, ilhali la pili ni kosa la jinai. Mwaka 1935 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, lilimpa ushindi Duke wa Westminster, aliyewalipa watumishi wake kwa hati za ahadi zilizompunguzia kodi. Lord Tomlin, mmoja wa majaji, alieleza kwamba kila mtu ana haki ya kupanga mambo yake ili kodi inayomwangukia iwe ndogo. Sheria na hukumu za baadaye, kusema kweli, zimeupunguza makali msimamo huo.

Circumvent, lenye asili ya Kilatini, zamani lilitumika hata kwa kumzingira adui, na leo hutumika zaidi kwa kanuni na vizuizi, likiwa na harufu ya ujanja. Bypass halina harufu hiyo: ni barabara inayoupita mji kwa pembeni, kama ile ya kusini mwa Nairobi, au upasuaji unaoipa damu njia mpya pale mshipa wa moyo ulipoziba. Eschew, yaani kujiepusha kwa hiari, wengi huliandika kwa madaha tu.