Goti la namba 9

Leo jioni, ligi ya mkoa. Straika kageuka ghafla, njumu zimenasa kwenye nyasi, goti likaingia ndani. Hakuguswa na mtu.

Wenzake wakaanza kumvuta mguu na kumchua.

Jamani, msimvute!

Goti likilia "pwa" na kuvimba ndani ya saa chache, shuku imechanika ligamenti ya msalaba ya mbele (ACL), kamba imara inayoshikilia mifupa ndani ya goti. Asiendelee kucheza. Barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20, bandeji, mguu juu, kisha hospitali. Eksirei haionyeshi ligamenti, MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) ndiyo inayoonyesha.

Straika Mwingereza Brian Clough alifunga mabao 251 katika mechi 274 za ligi, karibu zote daraja la pili Uingereza. Ligamenti za goti lake zikakatika 26 Desemba 1962, ana miaka 27. Aliporudi 1964 alicheza mechi 3 tu za ligi. Inauma sana.

Timu yenu ina barafu uwanjani?